Setilaiti ya Landsat inatoa nyuzi 46 Dar, kituo kinasema 33: tofauti inatoka wapi?

ramani_pwani
Wakuu, naandaa ramani ya joto la Dar es Salaam kwa siku za joto kali la Februari. Natumia Landsat 9, Collection 2 Level 2, bendi ya ST_B10 (joto la uso). Pikseli (kijiraba cha picha) moja ya Kariakoo ina thamani 50000. Nikiibadilisha napata nyuzi 46.8, ilhali kituo cha hali ya hewa kilisoma 33. Halafu mapaa makubwa ya maghala Barabara ya Nyerere yanaonekana ya baridi kuliko nyasi! Nimekosea hesabu?

mpima_uso
Hesabu iko sawa: 50000 × 0.00341802 + 149 = 319.9 Kelvin, toa 273.15. Ila setilaiti inasoma uso wenyewe, yaani lami, bati, mchanga. Kituo kinapima hewa, kivulini, karibu mita 2 kutoka ardhini. Juani, lami kuizidi hewa kwa karibu nyuzi 14 ni kawaida kabisa. Tafadhali usiandike "joto la Dar limefika 46" kwenye ripoti, utawapotosha watu.

bati_na_lami
Kuhusu maghala: bati jipya linalong'aa hutoa mionzi kidogo sana ya joto, emisiviti yake (uwezo wa kutoa mionzi hiyo, kipimo 0 hadi 1) inaweza kuwa chini ya 0.3, wakati udongo ni karibu 0.97. Landsat hukadiria emisiviti kwa kutumia data za ASTER (kihisi kingine cha setilaiti) za 2000 hadi 2008. Ghala likijengwa baadaye, paa lake linahesabiwa kama udongo, na jibu linashuka mno. Chora mipaka ya mapaa hayo uyaondoe. Nyumba ndogo ndogo usihangaike nazo, kihisi chenyewe kinaona mita 100 hata kama faili ni la mita 30.

mpima_uso
Naongezea mawingu, ndiyo yanayoharibu kazi nyingi za pwani. Kwenye QA_PIXEL (faili la alama za ubora) ondoa pikseli zenye biti 1 hadi 4, yaani mawingu na vivuli vyake, kisha gawa ST_QA (faili la makadirio ya kosa la joto) kwa 100 upate kosa kwa Kelvin; mimi huziondoa zinazozidi 5. Wingu jembamba lililoponyoka hushusha joto bila kuacha alama.

ramani_pwani
Nashukuru sana. Na kufuatilia siku hadi siku?

bati_na_lami
Landsat 8 na 9 kwa pamoja hupita kila siku 8, mnamo saa nne na nusu asubuhi. Kwa kila siku, chukua data za usiku za VIIRS (kihisi cha setilaiti nyingine), VNP21A1N, inayopita mnamo saa saba na nusu usiku. Zidisha thamani kwa 0.02 upate Kelvin. Usiku ndipo mwili unapotakiwa kupoa, kwa hiyo kwa afya za watu ramani hiyo ina uzito zaidi. Linganisha na wastani wa Februari za nyuma, data zipo tangu 2012. Pikseli ni kilomita 1, hivyo Masaki na ufukwe wa Kigamboni huchanganyika na bahari: ziondoe.