Msemo wa Kifini "hakea vauhtia Porvoosta": maana yake na namna ya kuutumia

Mwanagungu
Wakuu, habari za jioni. Tuna kikundi cha kujifunza Kifini hapa Kigoma mjini na tumekwama kwenye sentensi hii: *Pelaaja haki vauhtia Porvoosta ennen vapaapotkua.* Kamusi inatupa "mchezaji alifuata kasi Porvoo kabla ya frikiki". Porvoo ni mji, hilo tunalijua. Sasa mchezaji aliyeko uwanjani anafuata nini huko? Na kwa nini *vauhtia* wakati kamusi ina *vauhti*? Anayeielewa vizuri atusaidie, na matamshi pia.

Mzee wa Kamusi
Mkuu, hakuna aliyesafiri. Maana yake ni kurudi nyuma sana ili upate mbio ndefu kabla ya kuruka, kurusha au kupiga. Porvoo uko pwani ya kusini ya Ufini, kama kilomita 50 mashariki ya Helsinki, na ni miongoni mwa miji mikongwe kabisa ya nchi ile. Kuutaja ni kutia chumvi: karudi nyuma mpaka mji mwingine! Chukua mpigaji pale uwanja wa Lake Tanganyika, anarudi hatua baada ya hatua mpaka jukwaa linasema huyu anaanzia Ujiji. Ndiyo picha yenyewe.

Unatumika pia nje ya michezo, kwa mtu anayejiandaa kwa mzunguko mrefu kabla ya kufika kwenye jambo: *Puhuja haki vauhtia Porvoosta ennen kuin pääsi asiaan*, yaani msemaji alizunguka mbali kabla ya kugusa hoja. Angalieni hapa, kwa sababu wanafunzi wengi huuchukulia kama sifa ya maandalizi mazuri. Ndani yake mna utani kidogo juu ya urefu wa maandalizi. Ukitaka kusema tu kwamba mtu alichukua mbio kabla ya kuruka, bila utani, sema *otti vauhtia*. Na ukitaka kusifu mipango, Wafini wana methali *Hyvin suunniteltu on puoliksi tehty*: kilichopangwa vizuri kimekwisha kufanywa nusu. Msemo wa Porvoo ni wa mazungumzo, usiupeleke kwenye barua ya kuomba kazi.

Kitenzi Kwanza
Niongezee sarufi, maana ndiko watu wanakoanguka.

*Hakea* ni kwenda kuchukua kitu, kama tunavyosema kufuata maji. Ile *k* hupotea katika baadhi ya nafsi: *haen, haet, hakee, haemme, haette, hakevat*. Wakati uliopita: *hain, hait, haki, haimme, haitte, hakivat*. Kukataza: *Älä hae vauhtia Porvoosta!* Usirudi nyuma mbali hivyo.

*Vauhtia* ina *-a* kwa sababu kasi haihesabiki na hapa haina kipimo. Unachukua kasi kiasi, siyo kasi yote iliyopo. Hali hiyo Wafini huiita *partitiivi*. Ukisema *haki vauhdin* unamaanisha kasi fulani nzima, na msemo unavunjika. Msiweke *nopeus* pia. Hiyo ni kasi ya kupimwa, ya kilomita kwa saa.

*-sta* ni "kutoka ndani ya". Kiswahili kinaridhika na "alifuata Porvoo", kitenzi kinabeba mwelekeo wote, ndiyo maana wengi hukosea na kuandika *Porvoossa* (ndani ya Porvoo) au *Porvooseen* (kuelekea Porvoo).

Matamshi: mkazo uko silabi ya kwanza daima. Sisi tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi unataka kusema por-VOO-sta. Sema POR-voos-ta, *oo* ivutwe lakini isipate mkazo. *Au* ya *vauhtia* ni silabi moja, siyo a-u kama kwenye "dau". Na *h* kabla ya *t* isikike. Ukiimeza, neno halieleweki.

Mwanagungu
Shukrani sana wakuu. Tumejaribu yetu kwa kuweka mahali pa hapa: *Minä haken vauhtia Kibirizista.* Ipo sawa? Na Mfini ataelewa tukiondoa Porvoo?

Kitenzi Kwanza
Makosa mawili. *Haken* iwe *haen*. Pili, *Kibirizi* ina *i* tupu, na neno lisilo na *a, o* wala *u* huchukua kiambishi chenye *ä*: *Kibirizistä*. Linganisha *Kigomasta, Taborasta, Ujijista*, zote zina *a*, *o* au *u*. *Minä* unaweza kuiacha, nafsi imo ndani ya kitenzi.

Mzee wa Kamusi
Kuhusu kubadilisha mji: ndani ya kikundi chenu fanyeni, ni zoezi zuri la viambishi. Kwa Mfini asiyeijua Kibirizi, sentensi itasomeka kama mtu aliyekwenda kweli kuchukua kitu huko, kwa hiyo mkizungumza naye bakini na Porvoo. Mkitaka utani wa nyumbani usikike, ongezeni *asti*, "tangu kule mbali": *Haen vauhtia Kibirizistä asti.* Hapo atajua mnatia chumvi.