Msaada: natafuta ukoo wa nesi Mskoti, somo wa bibi yangu

MtotoWaMasoko: Wakuu heshima kwenu. Bibi yangu huku Rungwe keshagonga mia, na jina lake kapewa la nesi wa kizungu aliyemzalisha mama yake enzi hizo, sasa nesi aliacha Biblia, gamba limeliwa na mende ila ndani wino bado unasomeka: majina yake matatu, kazaliwa Dundee 1894. Bibi kila siku ananiuliza somo yangu alikuwa mtoto wa nani. Nimegugo weee, jina hilo wako kibao, naanzia wapi?

MzeeUyole: Mjukuu, huyo atakuwa wa misheni ya Livingstonia, ya Waskoti. Vita ya kwanza ilipowatoa Wajerumani wa kanisa la Moraviani, Waskoti wakatoka huko Nyasa (Malawi ya leo) wakashika misheni za Rungwe mpaka Wamoraviani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Makaratasi yao mengi yapo Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, waandikie.

DadaIpogolo: Shukuru ni Mskoti, kule usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulianza 1855 na vyeti vyao vimejaa maneno. Ingia ScotlandsPeople, tovuti ya serikali yao ya kumbukumbu hizo, kutafuta jina ni bure, ukifungua picha ya cheti ndio unakatwa. Cheti cha kuzaliwa kinakwambia mpaka wazazi walifunga ndoa wapi na lini, ukikifuata cha ndoa unakuta babu na bibi wa pande zote, mabibi na majina ya kwao. Halafu angalia sensa ya 1901, utaona nyumba nzima na kazi zao, na usishangae mama mtu kuwa kibarua wa kiwanda cha juti (nyuzi za magunia) maana Dundee viwanda vilijaa wanawake.

MtotoWaMasoko: Dada, wenye jina hilo Dundee miaka hiyo ni wengi, nikifungua vyote si nitauza ng'ombe? Halafu jina la kati lenyewe limekaa kama la ukoo.

DadaIpogolo: Sasa si ungesema mapema 😂 Waskoti walipenda kumpa mtoto jina la kati la ukoo wa mama au wa bibi. Acha vizazi kwanza, tafuta ndoa za Dundee kabla ya 1894 zenye koo zote mbili, bwana huu, bibi ule.

MtotoWaMasoko: Ndaga fijo dada! Zimetoka ndoa mbili tu. Wanataka kadi ya benki na mimi nina hela ya kwenye simu, namsubiri mjomba atoke Tunduma.

MzeeUyole: Ukifungua tuwekee hapa kazi ya baba yake.