Mdogo wangu ana mtoto wa miezi 3 ila hana furaha kabisa, nisubiri?

dada_mkubwa: Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri. Mtoto ananyonya vizuri na uzito unapanda, shida ni mama mwenyewe. Ananyonyesha huku anaangalia ukuta, usiku hata mtoto akilala yeye macho makavu, jana kaniambia huyu mtoto angepata mama mwingine ingekuwa bora. Ndugu wanasema ni uchovu wa uzazi utapita. Na mtoto je, mdogo hivyo anaelewa kitu?

mkunga_wenu: Usisubiri. Ile ya kulialia siku za mwanzo huwa inaisha ndani ya wiki 2, miezi 3 na hali hiyo inaelekea kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Kliniki wakimpima mtoto waambie wampime na mama, kuna dodoso la Edinburgh, maswali 10 tu, la mwisho linauliza kama amewaza kujidhuru. Hilo muulize wewe leo, wazi wazi, kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Akianza kusikia sauti au kuongea visivyoeleweka ni hospitali saa hiyo hiyo.

mama_k: Pole dada, mimi nilipitia. Mtoto anaelewa sana, akiguna anataka ajibiwe, akitabasamu anangoja uso umrudishie, asipopata anaacha kujaribu. Mimi alikuwa anakuja mhudumu wa afya nyumbani kila wiki, hakunihubiria, aliniambia tu ukimbadilisha nepi muangalie machoni umwambie unachofanya. Siku ya kwanza sauti haikutoka kabisa, nililia. Dawa pia nilipewa na nikaendelea kunyonyesha, daktari alichagua inayofaa kwa anayenyonyesha.

msomaji77: Naongezea hapo kwa mhudumu. Pakistan walifundisha wahudumu wa vijijini, sio madaktari wa akili, wakawa wanawatembelea kina mama wenye sonona tangu ujauzito. Matokeo yalitoka 2008, mtoto akifika miezi 6 waliobaki na sonona ni 23%, wale waliotembelewa na wahudumu wasiofundishwa 53%, na watoto wa kundi la kwanza waliharisha mara chache zaidi na wengi zaidi wakamaliza chanjo. Tusiwaambie wajikaze jamani.

dada_mkubwa: Nimemuuliza. Kalia sana, anasema hajawaza kujidhuru ila anatamani alale tu asiamke

mkunga_wenu: Hiyo ya kutamani asiamke usiipuuze mama, msingoje siku ya kliniki, nendeni hospitali leo wote watatu, na maneno hayo mwambie daktari kama alivyoyasema. Usimwache peke yake.