Dawa za presha bila karatasi ya daktari: watu wa Lamu mwaonaje?

Kijana wa Langoni: Jamani hizi kemisti zinauza dawa za moyo kama peremende, mimi nasema bila karatasi ya daktari mtu asiuziwe. Mzee mmoja mtaani kwetu ana pumu tangu utotoni, kachukua propranololi za jirani yake eti "na mimi nina presha", usiku kifua kikambana mpaka akakimbizwa hospitali. Propranololi ni betabloka, na betabloka yapunguza mapigo ya moyo sawa, lakini mwenye pumu yaweza kumfunga pumzi.

Nahodha Kiwayu: Weye uko mjini waongea raha. Huku dawa ikiisha na bahari ya kusi imechafuka, hiyo karatasi nitaiandikiwa na pweza? Na hizo dawa hazikatwi ghafla yakhe, ukikata moyo waenda mbio presha yapanda, mwenye moyo mbovu aweza kupata mshtuko. Sasa nani muuaji, kemisti au karatasi yako?

Mstaafu: Mwabishana dawa na hamjaacha kula ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Chumvi tupu ile.

Bi Mkomani: Ng'onda tena?? Imekukosea nini? Wazee wetu wameila na wakafika miaka tisini.

Mstaafu: Wazee wenu hakuna aliyewapima presha bibi, mtu alikuwa aanguka tu mwasema jini.

Bi Mkomani: Mchunge ulimi wako kwa wazee wa watu!! Na ng'onda huloekwa usiku kucha, yale mai yamwagwa ndipo ipikwe kwa nazi. Kama kwenu mwaipika na chumvi yake hilo ni lenu.

Nesi wa Zamu: Nirudi kwa dawa kidogo. Kwa presha peke yake siku hizi atenololi, nayo ni betabloka, si ya kuanzia, Waingereza waliitoa mstari wa mbele tangu 2006, watu huanzishiwa amlodipini, losatani au zile za kukojoza. Betabloka yabaki kwa mwenye mengine: kapata mshtuko wa moyo, mapigo hayaendi sawa, au moyo umechoka kusukuma damu, huyo hupewa karivediloli au bisoprololi kidogo kidogo huku yuaongezewa. Na wenye sukari muwe macho, ukiwa watumia betabloka na sukari ikashuka, hutausikia moyo ukidunda kama kawaida, labda jasho tu.

Bi Mkomani: Ahsante nesi, lakini kuhusu ng'onda hujasema.

Nesi wa Zamu: Kuloweka kwapunguza chumvi, haimalizi yote.

Mstaafu: HAYA SASA

Bi Mkomani: "Kwapunguza" kasema! Soma vizuri babu.

Kijana wa Langoni: Mada ni karatasi ya daktari jamani...

Nahodha Kiwayu: Kijana tulia, hiyo yenu ya sokoni mjini ndiyo ina chumvi ya kuficha uvundo. Ng'onda ni ya Kizingitini.

Bi Mkomani: Hapo umesema kweli. Yuko mtu ashuka nazo wiki hii?