Neema anasimama dirishani ubalozini Jumanne

IJUMAA, JIONI

Neema: Shikamooni wote. Nimepata tarehe ya mahojiano ya viza ya masomo ubalozi wa Marekani. Ni Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu! Alhamdulillah. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu.

Baba mdogo Salum: Marahaba, hongera sana. Sasa tuambie kilichobaki, tusije tukahangaika Jumatatu usiku.

Neema: I-20 ninayo, ile hati ya chuo inayoonyesha nimepokelewa kusoma, chuo kilinitumia kwa barua pepe. Fomu ya DS-160 nimejaza na ukurasa wa uthibitisho nimeshauchapa. Ada ya viza, dola 185, imelipwa. Ya SEVIS, dola 350, baba aliilipa jana.

Mama Neema: Mimi hizo ada mbili zimenichanganya. Nilidhani tumelipa mara moja tukamaliza.

Baraka: Shikamoo mama mkubwa. Ni mbili kweli. 185 ni ya ombi la viza, na ukinyimwa hairudishwi. 350 ni ya SEVIS, ule mfumo ambao serikali ya Marekani inafuatilia wanafunzi wa kigeni wote, wako chuo gani, wanasoma nini, wamesajili masomo mangapi. Neema, risiti ya hiyo ya pili ichapishe, uwe nayo. Halafu nitumie picha ya ukurasa wa kwanza wa I-20 nikuangalizie. Funika namba kwa kidole.

Neema: [Picha]

Baraka: Subiri kidogo.

Baraka: Pasipoti yako imeandikwa Hamisi, sivyo?

Neema: Ndiyo kaka.

Baraka: Hapa wameandika Hamis. Herufi ya mwisho haipo.

Mama Neema: Mungu wangu.

Neema: Karatasi hii nimeisoma sijui mara ngapi na sikuona!

Zuhura: Jina lako mwenyewe huwezi kulihakiki, mdogo wangu, macho yanalijazia tu. Ndiyo maana unampa mtu mwingine asome.

Baraka: Usilie, linarekebishika. Mwandikie DSO sasa hivi, yule ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni. Ambatisha ukurasa wa pasipoti wenye picha yako, mwambie mahojiano ni Jumanne. Atasahihisha kwenye SEVIS akutumie I-20 mpya. Namba yako ile inayoanza na N haibadiliki, kwa hiyo ada hulipi tena. Huku Marekani bado ni mchana, wako ofisini. Ukingoja Jumatatu utakuwa umechelewa.

Neema: Naandika sasa.

Baba mdogo Salum: Wakati anaandika, niulize la fedha. Taarifa ya benki ya kaka, ukijumlisha na ule ufadhili wa chuo, bado inapungua kidogo kufikia gharama ya mwaka wa kwanza iliyo kwenye I-20. Kuna kijana mmoja ananiambia anaweza kutuwekea kiasi kilichobaki kwenye akaunti kwa wiki moja. Barua ya benki ikitoka, tunamrudishia pamoja na chake.

Shangazi Rehema: Salum, hapana.

Zuhura: Mjomba, naomba niseme kwa heshima zote. Nilipoomba viza ya Uingereza kanuni yao ilikuwa imeandikwa wazi: fedha zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Waliiweka kwa sababu ya mambo kama hayo hayo ya kuazima. Marekani hawahesabu siku, lakini ofisa anaisoma taarifa ya benki kama mhasibu. Akiona akaunti iliyotulia miezi sita halafu wiki iliyopita ikaingia donge la fedha, swali lake la kwanza ni limetoka wapi. Neema atajibu nini? Akisema ni za baba, amedanganya. Na kwa sheria yao, mtu akionekana amedanganya ili apate viza, anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote. Si kukataliwa mara moja akajaribu tena mwakani. Maisha yote. Ana miaka 19.

Baba mdogo Salum: Sikulijua hilo. Nilikuwa natafuta njia ya kusaidia tu. Namwambia yule kijana aache.

Shangazi Rehema: Wifi, mimi nina akiba yangu. Sikuisema kwa sababu nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya paa. Ipo kwenye akaunti miaka tisa, hakuna atakayeuliza imetoka wapi, kila mwezi inaonekana ilivyoingia. Nitaandika barua kwamba namdhamini, nitaambatisha taarifa ya benki na barua ya kazini. Inaruhusiwa, Baraka?

Baraka: Inaruhusiwa shangazi. Ndugu anaweza kudhamini, mradi fedha ziwe zake kweli na aonyeshe anazipataje. Ila barua hiyo isiwe maneno matupu. Ukiandika utalipa, ujue utalipa.

Shangazi Rehema: Najua ninachokiandika.

Mama Neema: Wifi, sina la kusema. Naja kwako kesho.

JUMAMOSI

Neema: DSO amejibu usiku! I-20 mpya imefika. H-A-M-I-S-I, nimeihesabu kwa kidole. Nimeshaweka sahihi yangu.

Zuhura: Mshukuru kwa barua pepe. Huyo ndiye mtu wako wa karibu kuliko wote kule.

Baraka: Sasa tufanye mazoezi. Mimi ni ofisa. Kwa nini umechagua kusoma uhandisi wa maji?

Neema: Kwa sababu maji ni muhimu kwa maendeleo, na chuo hiki kina sifa ya kimataifa na walimu wenye uzoefu mkubwa.

Baraka: Hiyo umeikariri. Hata jina la chuo likibadilishwa jibu litabaki lilelile. Ofisa ana dakika mbili tatu na wewe. Anazungumza na watu wengi kwa siku na wote wanasema sifa ya kimataifa. Jaribu tena, niambie kama unavyoniambia mimi.

Neema: Baba anachimba visima. Kazi inaisha vizuri, maji yanatoka, halafu baada ya miaka miwili pampu inakufa na hakuna anayejua kuitengeneza. Nimekwenda naye mara nyingi, nimeona visima vimefunikwa kwa mawe. Nataka kujua pampu na mabomba kwa undani ili nirudi nifanye upande ule ambao baba haufanyi. Chuo hiki kina maabara ya pampu ambapo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaruhusiwa kufanya kazi.

Baba mdogo Salum: Hapo sasa!

Baraka: Hilo ndilo jibu, na usiliongezee kitu. Ujue kwa nini lina uzito. Kwa kifungu 214(b) cha sheria yao, kila anayesimama dirishani anahesabiwa kuwa anataka kuhamia moja kwa moja mpaka aonyeshe vinginevyo. Mzigo wa kuonyesha ni wako. Umesema utarudi kufanya nini na kwa nini ni wewe, na hukuulizwa.

Zuhura: Na akaunti za mitandao ziwe wazi, zisifungwe. Tangu Juni 2025 wameagiza wanaoomba viza za masomo waziweke wazi. Kwenye DS-160 uliandika zote ulizotumia miaka mitano iliyopita?

Neema: Zote, hata ile ya sekondari niliyoiacha.

JUMATATU, USIKU

Mama Neema: Neema amelala mapema. Mimi silali. Nasema tu, akipata hiyo viza basi nitapumua kwa miaka minne.

Baraka: Mama mkubwa, hapo ndipo nataka niseme jambo. Sijawahi kulisema humu, wala kwa mama yangu.

Baraka: Viza ni ya mlangoni. Ukishaingia, kinachokuweka ndani ni hadhi yako ya uanafunzi, na hiyo inapotea kimyakimya. Viza inaweza kuisha muda wake ukiwa darasani na usiwe na kosa lolote, utaihitaji upya siku ukisafiri nje na kutaka kurudi. Lakini hadhi ikivunjika, viza hata ikiwa na miaka mitatu mbele haikusaidii.

Baraka: Muhula wangu wa pili niliumwa. Kichwa na homa zisizoisha, usiku sipati usingizi. Kemia ikanishinda. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza lazima asajili angalau krediti 12 kila muhula, nami nilikuwa nazo 12 kamili. Usiku mmoja nikafungua tovuti ya chuo, nikabonyeza kitufe cha kuacha kemia. Kikaniuliza, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Zikabaki 9. Nililala vizuri siku hiyo, nikijua nimepunguza mzigo.

Baraka: Wiki mbili baadaye nikapata barua pepe kwamba rekodi yangu ya SEVIS imefungwa. Nikakimbilia kwa DSO. Akaniuliza kwa upole, kwa nini hukuja kwangu kwanza? Kama ningepeleka barua ya daktari kabla ya kubonyeza, angeniruhusu kisheria kupunguza masomo kwa sababu ya ugonjwa. Karatasi moja tu. Baada ya kubonyeza, mkono wake ulikuwa umefungwa.

Zuhura: Ukafanyaje?

Baraka: Nikaomba kurejeshewa hadhi. Fomu I-539, maelezo yangu, vyeti vya hospitali, barua ya DSO. Unapaswa kuomba kabla haijapita miezi mitano, na uwe hujawahi kufanya kazi bila kibali. Kilichoniokoa ni kwamba kosa langu lilikuwa la kupunguza masomo, jambo ambalo DSO angeweza kuliruhusu kama angeulizwa. Kazi yangu ya maktaba ikasimama hapohapo. Nikasubiri miezi, nikisoma masomo kamili huku sijui kama nitafukuzwa. Kila barua pepe ikilia, mwili unakufa ganzi.

Mama Baraka: Baraka.

Mama Baraka: Ni mwaka ule uliponiambia simu imeharibika?

Baraka: Ndiyo mama. Simu ilikuwa nzima. Sikujua nikwambie nini. Nisamehe.

Shangazi Rehema: Maskini mwanangu. Na sisi tunakutumia picha za harusi, tunakuuliza mbona umenyamaza.

Baraka: Nasema leo kwa ajili ya Neema. Kesho asubuhi atausoma. Neema, usiguse masomo yako kabla hujamuuliza DSO. Kuacha somo, kubadili shahada, kuhama chuo, kupumzika muhula, yote yanaanzia ofisini kwake. Ukihama chumba, toa anwani mpya ndani ya siku 10. Bila kibali maalumu, kazi ni ndani ya chuo tu, isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Na mtu atakuja kukuambia kuna kazi ya kuosha vyombo mtaani, wanalipa taslimu, hakuna anayejua. Huyo mkimbie, kwa sababu kosa la masomo lina njia ya kuomba upya, la kazi bila kibali linakufungia hata njia hiyo.

Zuhura: Uingereza pia ni saa 20 kwa wiki kwa wa shahada, na huruhusiwi kujiajiri. Mwenzangu mmoja alikuwa anasuka watu nywele chumbani kwa malipo, hakujua kwamba hiyo nayo ni kujiajiri.

Baraka: Na kabla ya kuja likizo, DSO aweke sahihi ya safari kwenye I-20. Inadumu mwaka mmoja. Iangalie tarehe kabla ya kufika uwanja wa ndege, si ukiwa kwenye foleni.

JUMANNE

Mama Neema: Ameingia. Mimi niko nje chini ya mti. Simu ameniachia mimi.

Baba mdogo Salum: Shemeji, tuko pamoja nawe.

Mama Neema: Saa moja imepita.

Mama Neema: Ametoka. Anatembea polepole. Siwezi kusoma uso wake.

Neema: Mimi Neema. Amebaki na pasipoti. Amesema viza imekubaliwa!!!

Shangazi Rehema: ALHAMDULILLAH

Zuhura: Neemaaaa 🥹

Baba mdogo Salum: Mungu ni mwema. Alikuuliza nini?

Neema: Nani analipa, nikamwambia baba, chuo na shangazi. Baba anafanya kazi gani, nikamweleza visima. Halafu akaniuliza pampu zinakufa kwa sababu gani hasa! Nikamwambia mara nyingi ni mpira wa ndani unaochakaa, au mchanga. Akaandika, akasema imekubaliwa. Barua ya shangazi hakuiomba, imebaki kwenye faili.

Shangazi Rehema: Basi niirudishe kabatini?

Baraka: Hapana shangazi, asafiri nayo. Ofisa wa uwanja wa ndege naye anaweza kuuliza. I-20, barua hiyo na risiti ya SEVIS vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Na tiketi msinunue mpaka pasipoti irudi. Masomo yanaanza Agosti 24, haruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla, kwa hiyo si kabla ya Julai 25.

Neema: Nimeandika yote. Kaka, ujumbe wako wa jana nimeusoma nikiwa kwenye foleni. Ahsante kwa kuniambia.

Mama Baraka: Baraka, ukitoka darasani nipigie. Muda wowote. Simu iko mkononi.