Tupeane uzoefu: distro (yaani aina) gani ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, umedumu nayo, na ipi ilikushinda?

Fundi_Wandegeya
Wadau, salaam. Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, naletewa laptopu nzima kabisa ambazo Windows 11 inazikataa kwa kukosa TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Mwenye mashine ananiuliza, "Fundi, hiyo Linux unayosema, unipigie ipi?" Simjibu kabla sijajua RAM yake ni ngapi, data ananunua vipi, na kitu kikigoma ana jioni ngapi za kukaa nacho. Hilo la mwisho watu hulipita haraka, na ndilo linaloamua.

Nianze na yangu. Mwaka 2019 niliingia Arch. Wakati ule hakukuwa na archinstall, programu ya kukusakinishia, unafuata wiki yao mstari kwa mstari: unagawa diski mwenyewe, unaandika mwenyewe fstab, faili la orodha ya diski. Nilijifunza mengi na sijuti. Ila Arch haina matoleo, masasisho yanamiminika kila siku, ukikaa wiki tatu bila kugusa unakuta mzigo mkubwa unakusubiri. Usiku mmoja nikatoa pacman -Syu, amri ya kusasisha kila kitu, betri ya laptopu ilishakufa zamani, nategemea waya tu. Imefika kwenye kerneli, kiini cha mfumo, stima ikapotea. Iliporudi nikakuta skrini nyeusi na mstari mmoja kwamba vmlinuz-linux, faili la kerneli, haipo. Nikawasha kwa flashi, nikaingia kwenye mfumo ulioharibika kwa amri ya arch-chroot, nikafuta lile faili la db.lck lililobaki limefunga mlango, nikarudisha kerneli. Muadhini wa alfajiri alinikuta bado nimekaa.

Leo niko Debian. Toleo jipya linakuja baada ya miaka kama miwili, katikati ni marekebisho madogo, mengi ya usalama. Kwa stima ya mtaani kwangu, hiyo ndiyo inanifaa. Leteni zenu, na tajeni mashine.

Mwalimu_Arua
Asante fundi. Nafundisha jiografia sekondari. HP ya mtumba, RAM giga 4, diski ile ya kuzunguka. Kijana mmoja alinipigia Ubuntu, nikifungua Firefox na Writer ya kuandikia pamoja kila kitu kinaganda. Nikahamia Linux Mint ya Xfce, yenye mwonekano mwepesi. Faili lake liko chini ya giga 3, la Ubuntu 24.04 linakaribia 6, na mimi nanunua data ya siku, kwa hiyo hata hilo lilichangia.

Siku ya kwanza waifai haikuonekana kabisa, kadi ni Broadcom. Nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha kugawa data, Mint ikaiona simu hapohapo. Nikafungua Driver Manager, nikachagua draiva, programu ya kuiendesha kadi, nikawasha upya. Nusu saa, basi.

Kilichonitesa hasa ni mitihani. Wenzangu wanatuma karatasi za Word zilizoandikwa kwa Calibri. Kwangu swali la 7 linashuka ukurasa wa pili, ramani inabaki juu peke yake, mtoto anasoma "tumia ramani hapa chini" na chini hakuna kitu. Nilitaka kurudi Windows kwa sababu hiyo tu. Dawa niliyoipata ni fonti ya Carlito: herufi zake zina upana uleule wa Calibri, mistari inakatika palepale. Liberation Serif inafanya hivyohivyo kwa Times New Roman. Tafuteni pakiti inaitwa fonts-crosextra-carlito. Huu ni muhula wa tano, karatasi zangu zote zimetoka humo.

Nuru_wa_Kampala
Mwalimu, hilo la Carlito nimelichukua. Mimi nasomea uhandisi, laptopu yangu ni mpya kidogo, RAM 16. Nilianza na Debian, kadi ya video ikawa mpya kuliko kerneli yake, nikahamia Fedora. Gharama ya Fedora ni kuhamahama: toleo jipya kila miezi 6, na kila moja linatunzwa miezi 13 hivi, kwa hiyo mara moja kwa mwaka lazima uhame, na kuhama kunakula giga kadhaa. Huwa nahama toleo nikiwa chuoni, kwa intaneti ya huko.

Windows nimeibakiza pembeni ya Fedora kwa ajili ya programu moja ya somo. Ikanigharimu. Nikitoka Fedora kuingia Windows, saa inarudi nyuma masaa 3, na usiku huo sikuwa na data ya kuisahihisha. Nilikuwa naandika nikijua bado nina muda, kumbe dirisha la kukabidhi kazi limeshafungwa. Nililia, sisemi uongo.

Sababu ni hii: Linux inaandika saa ya ndani ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na Uganda tuko masaa 3 mbele ya UTC. Ukiwa na mifumo miwili, toa amri hii ndani ya Linux kabla hujafanya lingine: timedatectl set-local-rtc 1.

Mzee_wa_Bombo
Wanangu, mimi sijahama. Mwaka 2007 niliomba CD ya Ubuntu, ikaja bure kwa posta hadi sandukuni kwangu. Mpango ule waliufunga 2011. Mwanzilishi, Shuttleworth, ni wa Afrika Kusini, na jina lilinigusa kabla ya mfumo wenyewe, kwa maana hapa Buganda tunasema obuntu bulamu, yaani utu. Nakaa kwenye LTS tu, toleo la kutunzwa muda mrefu: inatoka Aprili kila miaka 2, inatunzwa 5. Naandika barua za msikiti na kuhifadhi picha za wajukuu.

Kijana_Nakivale
Wandugu, mimi niko Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi. Pale tunapofundishia vijana tuna laptopu 9 za zamani, RAM giga 2, tunachaji kwa sola. Tulianza na Puppy. Inaingia yote kwenye RAM, inakimbia kweli, lakini kawaida yake kila anayeshika ni root, mwenye mamlaka yote. Watoto wengi wanapokezana mashine moja, siku ya tatu mmoja akafuta folda ya mfumo. Sikumgombeza, angejuaje?

Tukaenda antiX. Imejengwa juu ya Debian, dirisha zake ni za IceWM, programu nyepesi, ikikaa bila kazi haifiki robo ya RAM yetu. Nilikaa wiki mbili na mashine moja: nikaweka Kiwix na Wikipedia ya Kiswahili ndani, isomeke bila data, nikajaribu kila kitu watakachobonyeza. Halafu nikatumia iso-snapshot. Hiyo inageuza mashine uliyokwisha kuitengeneza kuwa faili la ISO, nakala ya kusakinishia, ukapiga nyingine 8 kwa flashi moja. Kwa hiyo uvumilivu niliutoa mimi, wao wanawasha na kusoma.

Fundi_Wandegeya
Mzee wetu, heshima. Mwalimu, kabla ya kubadilisha distro tena, toa hiyo diski ya kuzunguka uweke SSD, hata ya giga 120. Utaona tofauti kubwa kuliko Mint na Ubuntu.

Kijana, hiyo ISO yako ina ukubwa gani? Hapa nina laptopu nne za giga 2, wenyewe wameshaziacha.

Kijana_Nakivale
Kaka, bila Wikipedia ni giga 2 kasoro, na Wikipedia nitaiweka flashi ya pili. Natengeneza upya leo usiku, nichague ile njia ya kuondoa akaunti, majina ya watoto yasisafiri nayo. Ijumaa kuna mtu anapitia Mbarara kuja Kampala, nitampa.