Tajiri anataka kununua timu yetu na kuihamishia Dar. Tuuze?

Katibu wa Mchangani
Wakuu habari za humu. Mimi ni katibu wa timu ya kata huku Mtwara vijijini. Tumetoka mbali kidogo. Tulipanda daraja la tatu 2017, ikaja 2018 ile ya serikali kununua korosho na jeshi kuzibeba. Malipo yakachelewa, na sisi mchango tunaukusanya mlangoni kwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, siku watu wanapolipwa. Hamna malipo, hamna mchango, tukashuka. Mwaka 2020 mgombea udiwani akatuletea jezi na mipira, kura zikaisha na yeye akaisha. Tukapanda tena kwa jasho la vijana wenyewe, na msimu huu tumechukua ubingwa wa mkoa. Sasa tunatakiwa kwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kambi na nauli juu yetu.

Kuna mfanyabiashara anataka timu. Atalipa madeni yote na kutupa milioni 15, ila jina linabadilika na timu inahamia Dar. Anataka jibu kabla dirisha la usajili halijafungwa. Wenzangu kwenye kamati wameshaanza kugawana hizo hela kwa mdomo. Naombeni ushauri.

Kiungo Mkabaji
Mkuu, swali la kwanza: timu ni ya nani? Kama imesajiliwa BMT (Baraza la Michezo la Taifa) kama klabu ya wanachama, kamati haina ubavu wa kuuza, mpaka mkutano mkuu. Toa katiba usome kipengele cha mali za klabu. Mkiuza kienyeji, siku mwanachama mmoja akienda kwa Msajili wa vilabu mtatafutana.

Mtoto wa Mbarali
Usiuze. Sisi timu ya Ihefu tulikuwa nayo Ubaruku, Mbeya. Novemba 2022 Yanga walikuja uwanja wa Highland Estates na rekodi yao ya mechi 49 bila kufungwa, wakala 2-1. Watu walitoka mashambani na matope miguuni kuja uwanjani. Haikufika hata miaka miwili, timu ikapelekwa Singida, na 2024 ikaitwa Singida Black Stars. Inafanya vizuri, sikatai, ila mimi siihusu tena.

Fundi Magodoro
Naona mnaimba tu. Mmewahi kulisha vijana 25 kambini? Chai, wali, maji, dawa ya kuchua, posho, na mshambuliaji anayekutoroka katikati ya ligi kwenda kucheza ndondo, mashindano ya mtaani, kwa sababu kule analipwa taslimu jioni hiyohiyo. Ndanda ya hapo Mtwara ilikuwa na uwanja wa Nangwanda Sijaona na kusini nzima nyuma yake, ikapanda Ligi Kuu 2014, na 2020 ikashuka. Nyie mna nini? Uza, lipa madeni, rudini daraja la nne na jina lenu.

Kiungo Mkabaji
Hapo kwenye kurudi na jina ana hoja. Klabu ya Wimbledon ya Uingereza iliporuhusiwa kuhamia mji wa Milton Keynes, mashabiki walianzisha AFC Wimbledon 2002 kutoka ligi za chini kabisa, na 2011 wakaingia ligi nne za juu. Lakini wale walikuwa maelfu wenye uwezo wa kuchangia kila msimu. Ya kwako inategemea bei ya korosho.

Shangazi Jukwaani
Kamati imeshagawana? 😂 Basi wewe ndiye umechelewa.

Mzee wa Offside
Mwanangu, kuna njia ya kati. Mwambie anachonunua ni nafasi ya ligi, siyo jina. Jina, rangi na timu ya vijana vibaki kwenu. Wachezaji watakaokwenda Dar wawe na mikataba ya maandishi, maana kijana wa kijijini akiachwa Mbagala bila nauli atakupigia wewe, hatampigia tajiri. Hela ilipwe yote kwenye akaunti ya klabu kabla hujasaini fomu yoyote ya FA mkoa. Halafu uliza TFF kama kanuni za msimu huu zinaruhusu hayo mabadiliko. Usimtegemee yeye akwambie.

Katibu wa Mchangani
Nashukuruni sana wakuu. Katiba nimeipata kwa mjane wa mwenyekiti wa zamani, imeliwa na mchwa pembeni ila kipengele cha mali kinasomeka: theluthi mbili ya wanachama. Mkutano ni Jumapili. Tajiri nimemtumia meseji aje aongee mwenyewe mbele ya watu. Tiki za bluu zipo, jibu hakuna.